Sura za Watu wa Hesabu

Mwezi Machi ukikaribia, shule zetu hukumbuka kwamba hisabati nayo ina siku yake. UNESCO iliitangaza tarehe 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati mwaka 2019, lakini wanachama wa CHAHITA, yaani Chama cha Hisabati Tanzania kilichoundwa mwaka 1966, walikuwa wakiisherehekea kabla ya hapo kwa jina la Siku ya Pai. Tarehe yenyewe inatokana na 3.14, ukiandika mwezi kwanza kama Wamarekani. Sisi tunaoanza na siku tungelazimika kusubiri tarehe 3 ya mwezi wa kumi na nne, nao hauji.

Safari hii shule moja ya sekondari ya hapa Tanga ilinitumia karatasi yenye majina matano: Pythagoras, Archimedes, Newton, Euler na Gauss. Walitaka picha kubwa zenye fremu, za kutundika madarasani, na walinijia mimi kwa kuwa nimezeekea katika kazi zote mbili, kufundisha hisabati na kupiga picha. Niliisoma karatasi nikacheka. Newton alichorwa na Godfrey Kneller mwaka 1689, Euler na Emanuel Handmann mwaka 1753, Gauss na Christian Albrecht Jensen mwaka 1840, wote wakiwa hai, wamekaa mbele ya mchoraji. Lakini Pythagoras na Archimedes? Hakuna aliyewaona kwa macho aliyetuachia sura zao. Vile vichwa vya mawe vyenye ndevu ni kazi ya watu waliokuja baadaye wakabuni. Hata al-Khwarizmi, ambaye hakuwemo katika orodha, sura yake inayozunguka vitabuni imetoka kwenye stempu ya posta ya Umoja wa Kisovieti ya mwaka 1983. Msanii alimfikiria mzee mwenye kilemba, akamchora.

Nikamuuliza kijana mwalimu aliyeleta karatasi, "Na wa kwetu?" Akajibu kwa upole, bila ubaya wowote, "Mwalimu, wa kwetu wako wapi?"

Sikumjibu pale pale. Lakini tangu siku hiyo kichwa changu kimekuwa kikirudi Ngamiani na Pangani, kwa watu ambao niliwahi kuwaona wakihesabu. Wagiriki tumewaruhusu sura za kubuni. Sisi wenye sura za kweli tunakwama wapi?

Nilianza kushika kamera mwishoni mwa miaka ya 1970 katika studio moja ya Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mgeni akija Tanga hucheka akiambiwa fulani anakaa Barabara ya Kumi na Mbili. Akikaa wiki moja anaanza kuona raha yake, maana anayejua kuhesabu hapotei Ngamiani. Mwenye studio alikuwa ndugu wa mama yangu, nami nilimwita Mjomba. Shule aliishia darasa la nne. Kazi yangu likizo ilikuwa kufagia, kuwapa wateja kitana na poda, na kushusha lile pazia lililochorwa bahari, minazi na ngazi ya kupanda ghorofani ambako hakuna mteja aliyewahi kufika.

Lenzi ya Mjomba ilikuwa na pete yenye namba zilizochongwa: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Aliniambia kwamba kila ukipanda namba moja, mwanga unaoingia unapungua nusu. Akitumia 8 kwa sehemu ya 60 ya sekunde, wingu likipita anashuka mpaka 5.6, jua likirudi anapanda tena. Kifaa cha kupimia mwanga hakuwa nacho. Alitazama kivuli cha dirisha sakafuni, midomo ikacheza kidogo, mkono ukaenda kwenye pete. Sikumbuki picha iliyoungua kwa sababu hiyo.

Mimi namba zile zilinikera. Kama mwanga unakuwa nusu, kwa nini baada ya 4 isije 8? Hii 5.6 imetoka wapi? Mjomba alisema, "Ndivyo walivyoandika wenyewe." Nikauliza tena wiki iliyofuata, akanipa ufagio.

Jibu lilikuja nikiwa kidato cha tatu, kutoka kwa mwalimu ambaye hajawahi kumiliki kamera. Alikuwa akifundisha eneo la duara. Akachora duara ubaoni, akasema chora jingine lenye eneo nusu ya hili, kipenyo chake kitakuwa ngapi? Darasa zima likasema nusu. Akachora, na kila mtu akaona kwa macho kwamba duara lile ni dogo mno, ni robo. Eneo linakwenda kwa nusu kipenyo mara nusu kipenyo, kwa hiyo ukitaka eneo liwe nusu unagawa kipenyo kwa kipeuo cha pili cha 2, karibu 1.414. Nikapiga hesabu pembeni ya daftari. 2.8 mara 1.414, karibu 4. 4 mara 1.414, karibu 5.6. Kisha 8, kisha 11, kisha 16. Pete ya lenzi ilikuwa imeandikwa kipeuo cha pili cha 2 kikipanda hatua kwa hatua, na tundu la lenzi ni duara tu linalofunguka na kufunga.

Siku hiyo sikwenda nyumbani kula, nilikwenda studio moja kwa moja. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akaivua kamera kwenye stendi, akaitazama ile pete kama anaisoma mara ya kwanza. Akasema, "Kumbe." Baadaye kidogo, mteja ameshatoka, akasema, "Huyo mwalimu wako, mlete nimpige picha bure." Mwalimu hakuja. Shule na studio zilikuwa kama maduka mawili yaliyogeuziana migongo, ukuta mmoja, milango mitaa tofauti. Nimeufikiria ukuta ule maisha yangu yote ya ualimu. Mwalimu alikuwa na sababu bila lenzi, Mjomba alikuwa na lenzi bila sababu, na kati yao alikuwepo mtoto wa kufagia.

Katika chumba cha giza mambo yalikuwa magumu zaidi. Dawa ya kusafishia filamu ilitakiwa iwe nyuzi 20 za Selsiasi, nayo maji ya bomba la Tanga mwezi Februari yako mbali sana na hapo. Mjomba aliandika jedwali lake mwenyewe kwa penseli ukutani, upande mmoja nyuzi, upande mwingine dakika, na dakika zilipungua kadiri joto lilivyopanda, lakini si kwa hatua sawa. Alilipata kwa kuharibu filamu zake mwenyewe, si za wateja. Siku za joto kali nilitumwa kununua barafu kwa wauza samaki tukaizungushia chombo cha dawa. Ndivyo nilivyosikia kwa mara ya kwanza habari za Mpemba. Mteja mmoja, mwalimu aliyeshuka kutoka Lushoto, aliniona na ndoo ya barafu akaniuliza kama najua kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Nilidhani ananitania.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, huko juu Usambara, mwaka 1963, wanafunzi walipokuwa wakitengeneza aiskrimu. Kwa kawaida maziwa yalichemshwa, yakachanganywa na sukari, yakaachwa yapoe kwanza ndipo yatiwe kwenye friji. Nafasi ilikuwa inagombewa, naye akayatia yake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea na swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefika kutoa mhadhara, huku wenzake wakicheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Aristotle, Bacon na Descartes waliwahi kugusia jambo hilo, na wanasayansi wanabishana juu yake mpaka leo, lakini duniani linaitwa kwa jina la mwanafunzi wa Magamba.

Hii ni fizikia, najua. Ninaileta kwa sababu ya kitu ambacho Mpemba mwenyewe alikieleza katika makala ile na ambacho wasimuliaji wengi hukiruka. Baada ya kubishana na mwalimu, kila alipokosea hesabu, hata kwa kusoma vibaya jedwali la logi, mwalimu alisema hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaidaka kauli hiyo. Nimekaa vyumba vya walimu miaka mingi na nimeisikia kauli hiyo kwa majina ya watoto wengine. Inachekesha sana ukiwa siye mwenye jina. Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa karibu asilimia 20 tu, na tuna maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu hali hiyo: walimu wachache, lugha, vitabu. Mimi ningeongeza kicheko.

Kuna picha moja ya studio ile ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na filamu zikaadimika pamoja na sukari na sabuni. Mkanda wa aina tuliyotumia ulitoa picha kumi na mbili, na Mjomba aliandika kila moja kwenye daftari, imekwenda kwa nani na kwa shilingi ngapi. Kupiga picha bila mteja lilikuwa jambo lisilofikirika. Siku moja akaingia mzee mmoja, maalim wa chuo mtaani, kupiga picha ya pasipoti kwa ajili ya safari ya Hija. Umeme ulikuwa umekatika, akakaa benchini kusubiri. Akanikuta na daftari langu la sehemu, nikihangaika na kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Nikamwamkia, "Shikamoo, Maalim." Akaitikia, akavuta daftari.

"Mtu amekufa," akasema. "Ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Gawa."

Nilijua kidogo kutoka chuoni. Mke thumni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. "Haya, jumlisha." Nikatafuta asili moja, 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Nikajumlisha, nikapata 27. Nikajumlisha tena. Ishirini na saba juu ya ishirini na nne. Mali imegawiwa zaidi ya mali yenyewe.

Maalim alikuwa anatabasamu. Akanisimulia kwamba swali hilo linaitwa mas'ala ya mimbari, kwa sababu inasimuliwa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa, akaendelea na hotuba yake. Dawa yake inaitwa auli. Hisa zote zinabaki kama zilivyo kwa uwiano, ila asili inapandishwa kutoka 24 kuwa 27. Mke 3 katika 27, ndiyo moja ya tisa. Kila mrithi anapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake, hakuna anayedhulumiwa peke yake. "Tuseme shamba lina minazi 54," akasema, akainamisha kichwa, kidole kikatembea juu ya goti. "Mke 6. Kila binti 16. Baba 8. Mama 8." Hakuandika kitu.

Nikamuuliza, kwa ujinga wa kitoto, mas'ala yakimshinda hufanya nini. Akasema, "Narudi kwenye asili. Nikikwama, ujue asili nimeiweka vibaya."

Umeme ulikuwa umerudi, na sikuona Mjomba alipofika kwenye kamera. Nilisikia mlio wake tu. Maalim alikuwa bado ameinama, kidole juu ya goti, macho hayatazami popote. Kisha Mjomba akamwita, akamkalisha wima, akampiga ya pasipoti, macho mbele, masikio yote mawili yanaonekana. Jioni nilimwona akiandika daftarini na kuiacha nafasi ya jina wazi kwa picha ile ya kwanza. Nilimuuliza ni ya nani. "Yangu," akasema.

Miaka kadhaa ilipita ndipo nikajua kwamba Maalim yule hakuwa mtu wa peke yake, alikuwa na ukoo wa elimu nyuma yake katika mji huu. Sheikh Ali Hemedi el Buhriy, kadhi wa hapa kwetu, aliandika kitabu cha mirathi kwa Kiswahili, na aliyekifasiri kwa Kiingereza ni P. E. Mitchell, ofisa wa kikoloni aliyekuja kuwa Gavana wa Uganda, Fiji na Kenya. Baba yake Sheikh Ali, Hemedi bin Abdallah, ndiye mtungaji wa utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Baba aliandika vita, mtoto akaandika sehemu. Na ukirudi nyuma zaidi, kitabu cha al-Khwarizmi cha karne ya 9 kilichoipa aljebra jina lake, sehemu yake kubwa ya mwisho ni maswali ya wasia na mirathi. Nilifundishwa aljebra kidato cha kwanza kana kwamba ni kitu kilichoshushwa kwa meli bandarini. Hakuna aliyeniambia kwamba mtaa wa pili kutoka nyumbani kuna mtu anayeifanya kwa goti.

Nilipohitimu ualimu nilipangiwa Pangani, nikaenda na kamera. Mjomba alikuwa amenifundisha jambo moja bila kulisema: mtu anayefikiri hatazami lenzi. Ukimwambia "tazama hapa," umeshaipoteza picha. Nikaanza kuwapiga watu wa hesabu, na kila mmoja nikamuuliza lile swali la Maalim, ukikwama unafanya nini.

Palikuwa na mzee wa bao kando ya mto, karibu na kivuko. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezo unaanza kila mtu akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Yule mzee alikuwa akiona kete ya mwisho itakapolala kabla hajainua ya kwanza, hata pale inapozunguka na kuteka njiani. Alinijibu, "Nikikwama nacheza la mwenzangu." Kwa muda nilidhani ni maneno ya barazani tu. Halafu nikawa nafundisha uthibitisho wa kinyume darasani, ule wa kuanza na dai la mpinzani wako mpaka lijikanyage, nikamkumbuka. Kwa nahodha mmoja wa jahazi nilipata jibu fupi zaidi. Yeye, aliyejua saa ya kujaa maji kwa kuanzia tarehe ya mwezi, akiongeza karibu dakika 50 kila siku na kupunguza au kuzidisha kwa bamvua na maji mafu, alisema hakwami. Picha yake haikutoka vizuri, na nadhani anastahili.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni bibi mmoja msuka mikeka. Lazima niseme hapa kwamba mimi si katika wale wanaosema kila mkeka ni hisabati na kila mama ntilie ni Euler. Maneno hayo hupigiwa makofi kwenye semina, na mtoto anarudi darasani hajui kutafuta thamani ya x. Marehemu Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi yake Msumbiji, aliandika vitabu vingi juu ya jiometri ya vikapu na mikeka ya huko, na uzuri wake ni kwamba alithibitisha. Hakuishia kusifu. Bibi yule naye hakuhitaji sifa. Nilimkuta ana ukili wenye miyaa ya rangi mbili, nikamuuliza anajuaje miyaa mingapi itatosha ua lake lirudi sawasawa. Akanitajia idadi zinazokubali na zinazokataa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetaja majina ya wajukuu. Nikamwambia, "Bibi, umezijuaje?" Akasema, "Zilizokataa zilinikatalia mimi."

Na akikosea? Alinionyesha kwa mikono. Alifumua taratibu, akirudi nyuma mwaa kwa mwaa, mpaka palipoharibikia, akaacha kilichobaki kikiwa kizima. "Anayefumua wote," akasema, "hajui alipokosea."

Nilibadili usahihishaji wangu kwa sababu ya bibi yule. Niliacha mkasi mkubwa mwekundu unaokata ukurasa mzima. Nikawa natafuta mstari ambao hesabu ilipotoka njia, naweka nukta hapo, na juu ya nukta naandika alama za kazi iliyo nzima. Usahihishaji ulinichukua muda mrefu zaidi, walimu wenzangu walinionea huruma, na watoto wakaanza kuja mezani kuuliza.

Nikiwa karibu kustaafu, rafiki alinipa kitabu cha Mariana Cook, mpiga picha wa Kimarekani aliyejifunza kwa Ansel Adams. Kilitolewa na Princeton University Press mwaka 2009: picha 92 za wanahisabati, nyeusi na nyeupe, na kila mmoja ameandika ukurasa wake mwenyewe kuhusu maisha na kazi yake. Nilikisoma kwa wivu wa kitaaluma. Mwanga wake ni wa dirishani, kama wa Mjomba. Wengi wanarudi utotoni, kwa mzazi au mwalimu aliyewatupia swali la kwanza, na wapo wanaoeleza jinsi walivyokaa na swali moja muda mrefu bila njia. Kitu kilichonishangaza ni kwamba maneno yale yalinifanya nizitazame sura upya. Uso peke yake haukuambii kitu kuhusu hisabati. Uso wenye maneno ya mwenyewe pembeni unakwambia huyu ni mtu, alikwama, aliendelea. Wa Afrika Mashariki sikumkuta humo, na simlaumu mwandishi. Ni kazi yetu.

Maana hata wale wa vyuo vikuu tunao. Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hisabati. Aliupata Berlin, kwa utafiti wa mwendo wa vimiminika. Nilipoweka picha yake mbele ya wasichana wa kidato cha pili, swali la kwanza halikuhusu hisabati. Mmoja aliuliza kama ana watoto. Wengine wakamcheka, mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali la mtu anayepima kama njia inapitika. Na mwaka 2014 Taasisi ya Sayansi za Hisabati ya Afrika, AIMS, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003 kwa juhudi za Neil Turok, ilifungua tawi Bagamoyo. Nilifika pale kwa ajili ya kijana wa ndugu yangu. Nilikuta vijana wa nchi mbalimbali za Afrika wakibishana mbele ya ubao baada ya chakula cha usiku, chaki mpaka kwenye nywele, katika mji ambao watalii huletwa kuonyeshwa magofu na makaburi. Sikuwa na kamera. Nilitumia simu, na zilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mkuu wa shule iliyoniagiza fremu tumezungumza, tena kwa mapana. Hofu yake ilikuwa ya haki: mkaguzi akikuta picha ya msuka mikeka kando ya Gauss atasema nini? Nilimwambia atasoma maelezo yaliyo chini yake, na akishindwa hesabu iliyoandikwa pale, hilo ni la kwake. Tumekubaliana Newton, Euler na Gauss wabaki, wana haki yao. Pythagoras na Archimedes watakuwa na michoro ya kazi zao bila sura. Masanja atakuwepo, na Mpemba atakuwepo hata kama walimu wa fizikia watamdai. Mzee wa bao yupo, na bibi yupo, ameinamia ukili. Maalim pia. Negativu yake niliikuta kwenye kopo la Mjomba, imeliwa na unyevu pembeni lakini uso na kidole vimesalimika. Wajukuu zake wamekubali itundikwe na jina lake liandikwe. Hapa silitaji, kwa sababu ruhusa waliyonipa ni ya ukuta wa shule, si ya gazeti. Chini ya picha yapo maswali, si sifa. Chini ya Maalim limeandikwa la minazi 54, bila jibu.

Nawaomba wasomaji wa Tanga, Muheza, Pangani, Mkinga na pwani yote. Kama nyumbani kwenu yupo mtu wa namna hiyo, fundi wa jahazi anayekata mbao kwa shubiri bila ramani, mama wa kibati ambaye hesabu ya watu thelathini haimpotei, mzee wa mirathi, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyesahauliwa, mpigeni picha akiwa kazini, msimwambie atazame simu. Muulizeni akikwama hufanya nini, na muandike jibu kwa maneno yake, msilipambe. Kisha ichapisheni picha kwenye karatasi, maana simu huibiwa na kuanguka majini. Nyuma yake andikeni jina, mahali, mwaka na hesabu moja anayoijua, kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya ukaharibu sura. Ombeni ruhusa yake au ya watu wake. Halafu ipelekeni shule iliyo karibu kabla ya tarehe 14 Machi, mmkabidhi mwalimu wa hisabati mwenyewe mkononi.